Mkono Chini ya Shali

Jumanne, tarehe 17 Julai, mwaka wa 2001. Mahali ni soko la mifugo la mji wa Kajiado, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Msomaji wangu, wiki iliyopita tulimwacha Mwalimu Njogu ameshika pembe ya shali, vidole vimekaza, tayari kulivuta. Chini ya shali hilo kulikuwa na mikono miwili iliyoshikana. Mmoja aliujua vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeuvisha pete. Ulikuwa mkono wa mke wake, Muthoni. Wa pili hakuuona, lakini aliapa moyoni kwamba huo nao aliujua.

Akavuta.

Shali likamfuata mkononi kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Soko zima likageuka kutazama.

Mkono wa pili ulikuwa na hina.

Haukuwa mkono wa mwanamume. Ulikuwa wa Mama Hibaq, mchuuzi wa mbuzi, mwanamke ambaye angeweza kumzaa Njogu na Muthoni wote wawili. Na Abdinoor, kijana ambaye jina lake lilimkosesha Njogu usingizi kwa majuma mengi, alikuwa ng'ambo ya ua akimpanua mbuzi mdomo ili amkague meno.

"Mwalimu," Abdinoor akasema bila kumwachilia mbuzi, "hata salamu hakuna? Halafu hilo shali ni langu. Nilimwazima huyo mama mdogo wangu asubuhi. Kama unalitaka, si uulize tu?"

Watu wakaangua kicheko. Njogu akatamani ardhi ya Kajiado ipasuke immeze.

Lakini kicheko kilikatika ghafla. Wanunuzi wa nyama kutoka Nairobi, waliokuwa wameegemea lori lao, hawakuwa wakimtazama Njogu. Walikuwa wakitazama vidole vya Mama Hibaq, ambavyo bado vilikuwa vimevibana vidole vya Muthoni.

Sharti nieleze hapa, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuuza hata kondoo. Wafanyabiashara wa jamii ya Mama Hibaq hawatamki bei mbele ya watu. Muuzaji na mnunuzi hufunika mikono kwa kitambaa, kisha wakazungumza kwa kushikana vidole. Kidole kilichobanwa kina maana yake, ngumi ina maana yake, na kukwaruza kiganja ni kuomba kupunguziwa. Walio kando huona tu nyuso mbili zilizotulia; lakini shali likiondoka, kila aliyezoea soko huisoma bei vidoleni.

Muthoni alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uchumi tumizi, na utafiti wake ulihusu bei ya mbuzi wakati wa kiangazi. Miezi ya mwanzo aliwauliza wachuuzi kwa mdomo, nao wakamdanganya kwa adabu nyingi. Ndipo Mama Hibaq alipomhurumia. Kila alipomaliza kununua, alimwita Muthoni, akamfunika mkono, akambonyezea bei ya kweli. Sharti lilikuwa moja: bei hiyo isijulikane sokoni.

Sasa bei ilikuwa juani.

"Kumbe!" akasema mmoja wa wale wa Nairobi. "Umenunua kwa bei hiyo, halafu sisi unataka tukupe mara mbili? Mama, leo hatuongezi hata shilingi."

"Hibaq!" Sauti nyingine ilipasuka kutoka upande wa mbuzi. Ilikuwa ya Nalangu, mama wa Kimaasai kutoka Mashuuru, ambaye ndiye aliyemuuzia Mama Hibaq mbuzi hao. "Mara mbili? Si uliniambia Nairobi mbuzi imekosa watu? Si uliniapia?"

"Nalangu, dada yangu, ngoja..."

"Usiniite dada!"

Hivyo ndivyo mvuto mmoja wa shali ulivyomfilisi mwanamke mmoja kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Mama Hibaq hakupiga kelele. Aliurudisha mkono wake ndani ya vazi lake refu, akamtazama Muthoni.

"Nilikupa mkono wangu, binti yangu," akasema. "Tazama umeniletea nini."

Kuntai, mwenyekiti wa soko, akafika na rungu lake kwapani. Alisikiliza pande zote, naye hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama Mwalimu, kusanya vitu vyako. Soko hili usirudi."

Msomaji, usilichukulie neno hilo kwa wepesi. Muthoni alikuwa amebakisha bei za kiangazi hiki tu ili tasnifu yake ikamilike. Likizo ya masomo aliyopewa na mwajiri ilikuwa inakwisha mwezi wa Septemba, na hapakuwa na nyingine. Bila soko hakuna bei. Bila bei hakuna shahada. Kazi yote aliyoifanya ingebaki kuwa karatasi za kuwashia jiko.

Alimshika mume wake mkono wa shati, akamwongoza hadi nyuma ya ngazi ya udongo ambapo mifugo hupandishwa kwenye malori. Huko ndiko alikokifungua kinywa chake.

"Baba Nyakio, leo ni Jumanne. Darasa lako liko na nani?"

"Nimewaachia hesabu ubaoni."

"Umeacha watoto wa watu Kitengela, ukaja Kajiado kunivua nguo mbele ya ulimwengu. Ulifikiri utakuta nini?"

"Judy alikuona. Alisema umefunikwa shali moja na Abdinoor."

"Judy wa mitumba? Si ndiye aliyetangaza kwamba wewe uko na bibi mwingine Kiserian?"

"Huo ulikuwa uongo!"

"Basi mbona uongo wake ukiwa juu yako ni uongo, na ukiwa juu yangu unapanda gari?"

Mwanamume mwenye wivu akikosa jibu hubadilisha mashtaka.

"Hata kama si Abdinoor," akasema, "wewe nyumbani huongei nami. Unaongea na vitabu. Hapa nimekukuta unacheka. Umeshikwa vidole na umeelewa kila kitu! Mimi nikikushika mkono, unaniambia nimekuangushia kalamu."

"Nilikuwa na mtihani siku hiyo."

"Kila siku uko na mtihani! Unajua naitwa nani pale stendi ya Kitengela? Naitwa Bwana wa Profesa. Nikipita, wanauliza, 'Profesa hajambo?' Mimi hakuna anayeuliza kama ninakula, kama ninaumwa. Mwalimu mkuu mwenyewe, juzi, amenisimamisha mlangoni. Nikafikiri ananiita kwa jambo la maana. Akaniambia, 'Msalimie msomi wetu.' Msomi wetu! Mimi nimefundisha shule ile tangu haijawa na madirisha."

Muthoni akamtazama kama mtu anayemwona mgeni mlangoni.

"Kumbe humwonei wivu Abdinoor," akasema polepole. "Unaionea wivu digrii."

Njogu akainamisha macho.

"Tuliomba sote wawili," Muthoni akaendelea, na sauti yake ikaanza kukatakata. "Tulijaza fomu kwenye meza moja. Mimi nikachukuliwa, wewe ukakataliwa. Nililia kwa ajili yako kabla sijafurahi kwa ajili yangu. Lakini si mimi niliyekukataa, Baba Nyakio! Si mimi!"

"Sikukataliwa."

"Unasema nini?"

"Nimesema sikukataliwa. Nilichukuliwa, tena kabla yako." Njogu aliegemea ile ngazi ya udongo. "Karo ya watu wawili ingetoka wapi, na Nyakio alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule? Niliwaambia chuoni kwamba siji. Nikaja nyumbani nikakuambia nimekosa."

Lori lilinguruma karibu nao, mbuzi wakalia, vumbi likapita kati yao wawili.

"Muongo," akasema hatimaye.

"Muthoni..."

"Muongo wewe! Umeniharibia kazi, sasa unataka nikuonee huruma ili nisahau. Nani anayelijua jambo hilo?"

"Mimi, na Mungu, na watu wa chuo."

"Wote hao leo hawako sokoni!"

Ewe msomaji, jambo hilo lilikuwa kweli tupu. Njogu alimpa mke wake zawadi kubwa kuliko zote, kisha akashindwa kuvumilia kumtazama akiifurahia. Kila ukurasa alioufungua Muthoni, Njogu aliona ni wake. Kila mtu aliyempongeza Muthoni, Njogu alisikia jina lake likirukwa. Angelimwambia tangu mwanzo, labda wangeubeba mzigo pamoja. Alinyamaza, na wema ule ukachacha ndani yake kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni.

Tena kulikuwa na jambo jingine alilolifanya jana yake, siku ya Jumatatu, ambalo hata sasa hakulitaja.

"Mwalimu!" Abdinoor alitokea akijifuta mikono. "Mama mdogo anawaita. Nyote wawili. Na shali langu uje nalo, tafadhali, bado umelikunja kwapani."

Ni kweli. Njogu alikuwa amelibeba muda wote huo bila kujua.

Waliporudi, walimkuta Mama Hibaq ameketi juu ya kidumu kilichogeuzwa. Kuntai alikuwa amesimama kando yake. Nalangu naye alikuwapo, amefunga mikono, bado amenuna.

"Sopa, Mwalimu," Kuntai akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa," akajibu Njogu kwa sauti ndogo.

"Hapa kwetu," Kuntai akaendelea, "mtu akivunja bei ya mwenzake, kuna mambo mawili. Analipa mbuzi, ama anashika shali. Aliyekosewa ndiye anachagua."

"Mbuzi ninao," akasema Mama Hibaq. "Nimechagua shali."

"Kushika shali ni kufanya nini?" Njogu akauliza.

"Utasimama nyuma yangu," akasema mama yule. "Kila mkono utakaoingia katika mkono wangu, wewe utaufunika. Hutachungulia. Hutauliza bei. Hutauliza huyu ni nani na yule ni nani. Leo mpaka soko livunjike, na kila siku ya soko ambayo shule imefungwa, mpaka mke wako amalize kazi yake."

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Baadhi yao walikuwa wazazi wa wanafunzi wake, waliokuja kuuza kondoo ili walipie sare.

"Mwalimu wa hesabu!" mmoja akapiga kelele. "Usichungulie, huo ni mtihani!"

"Ukichungulia tunakutoa nje na karatasi yako tunapasua!" mwingine akamalizia, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Na akikataa?" Muthoni akauliza.

"Akikataa, wewe usirudi," Kuntai akajibu. "Neno langu liko pale pale."

Njogu akamtazama mke wake. Laiti angemsihi! Laiti angesema neno moja tu, 'Tafadhali,' angalau aonekane ni mwanamume anayeombwa. Muthoni hakusema. Alisimama wima, macho makavu, mfuko wake wa vitabu begani, kama mtu aliyekwisha kuagana na kitu alichokipenda.

Hapo Njogu akalikunjua shali, akaenda kusimama nyuma ya kidumu.

Nalangu ndiye aliyetangulia, maana alikuwa bado na beberu mmoja, na mfanyabiashara hanuni mpaka jioni. Alimwekea Mama Hibaq mkono wake uliojaa bangili.

"Funika vizuri, Mwalimu," akasema kwa ukali. "Huku kwangu mwanga inaingia."

Njogu akafunika. Mikono ikasemezana gizani. Nalangu akasonya, Mama Hibaq akatabasamu, Nalangu akatikisa kichwa, kisha akatabasamu yeye pia. Biashara ikawa imekwisha. Njogu hakuambulia chochote ila nyuso zao.

"Sasa, binti yangu," akasema Mama Hibaq. "Lete mkono."

Muthoni akasogea. Mkono uliovishwa pete ukaingia katika mkono wenye hina, na Njogu, kwa mikono yake mwenyewe, akaufunika. Alimwona mke wake akifumba macho kidogo, kama asikilizaye wimbo wa mbali. Wivu ulimchoma palepale. Haukuwa umetoka, msomaji. Mambo ya moyo hayatoki kwa saa moja. Lakini safari hii aliumeza, na shali halikusogea.

"Nimekuelewa, mama," Muthoni akanong'ona.

"Samahani," ikasema sauti ya mwanamume. "Hapa ndipo kwa Mama Hibaq?"

Aliyeuliza alikuwa amevaa koti la mjini na viatu ambavyo samadi ilikuwa imekwisha kuviharibu. Muthoni akageuka, na uso wake ukabadilika rangi.

"Dokta Wakhungu!"

Huyo, msomaji, ndiye msimamizi wa Muthoni chuoni. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kusema tasnifu ipite au ifutwe.

"Dokta, hukuniambia kwamba utakuja."

"Sikutaka kukuambia," akajibu Dokta Wakhungu, bila tabasamu. Ndipo macho yake yalipompata mtu aliyeshika shali. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lakini huyu si Mwalimu Njogu?"

Njogu akawageukia mbuzi kana kwamba hakusikia.

"Ni wewe! Mimi ndimi niliyekuhoji. Ulikuwa wa kwanza kabisa katika usaili wa mwaka ule. Tulipoarifiwa kwamba umeiacha nafasi tulisikitika mno, nasi hatukupata kujua sababu. Unafanya nini hapa?"

"Ni mume wangu," Muthoni akasema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyetoka kupigwa kifuani.

"Mume wako?" Dokta akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Ooh. Basi sasa nimeijua sababu."

Hakuna aliyecheka. Hata Abdinoor, aliyekuwa na la kusema kila wakati, aliangalia pembeni. Muthoni akamkaribia mume wake, machozi yakimteremka waziwazi, mbele ya wachuuzi, mbele ya wazazi wa shule, mbele ya mwalimu wake.

"Baba Nyakio. Nilikuita muongo."

"Basi, mama. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Nisamehe."

Ingekuwa mimi ndiye ninayepanga mambo ya dunia, ningeyasimamisha hapo. Lakini Dokta Wakhungu alikuwa hajamaliza.

"Muthoni, nimekuja kwa jambo baya. Jana mtu alipiga simu ofisini kwangu. Alisema yeye ni jirani yenu. Alidai kwamba wewe hujawahi kukanyaga soko la mifugo, na kwamba bei zote ulizotuletea unazibuni jikoni kwako."

Muthoni akashika shavu.

"Kama ningemsadiki," Dokta akaendelea, "masomo yako yangekuwa yamekwisha leo. Nikaona heri nije kutazama kwa macho yangu. Nimesimama kule langoni kwa muda, nami nimeona. Kazi yako ni ya haki. Hata hivyo chuo hakiwezi kulifumbia macho jambo la namna hii. Mtu huyo lazima apatikane, aje aeleze."

"Ni Judy!" Abdinoor akaropoka. "Mimi naapa ni Judy!"

"Alikuwa mwanamume," akasema Dokta Wakhungu. "Aliongea Kiswahili safi sana. Alipanga maneno yake taratibu, kama mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa."

Muthoni akajifuta macho. Kisha, wasomaji wangu, alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya mbele za watu tangu siku ya arusi. Aliuweka mkono wake juu ya bega la mume wake, akamgeukia Dokta kwa fahari.

"Usiwe na wasiwasi, Dokta. Mume wangu atatusaidia kumtafuta. Amekuwa akinibeba tangu mwanzo, nami sikujua."

Njogu alikikumbuka kibanda cha simu cha Kitengela. Alikumbuka jinsi chombo kile kilivyokuwa bado na joto la sikio la mtu aliyetangulia, na jinsi sauti yake mwenyewe ilivyosema, taratibu, neno kwa neno, 'Mimi ni jirani tu, sitaki kutajwa.'

Alitaka kujifunika uso. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika shali.

Mama Hibaq, aliyekuwa hajaondoa mkono wake chini ya kitambaa, akainua macho.

"Mwalimu," akauliza, "mbona shali linatetemeka?"

Msomaji mpendwa, ukurasa huu usiufungie nyama wala usiuwashie jiko kabla haujapita mikono mingine. Mpelekee jirani yako, hasa yule ambaye leo hamsemezani. Na akiwa bado hajajifunza kusoma, keti naye umsomee mpaka mwisho, wala usimrukie mstari hata mmoja.